Kioo Kilichompindua Mama

Mkitaka kumjua marehemu mume wangu, Athuman bin Semboja, msiniulize alikuwa mtu wa namna gani. Niulizeni alikaa wapi. Nitawajibu: hakukaa. Wallahi, mtu yule hakujua kukaa. Ukimpa kigoda anakalia ukingo tu, kama mtu mwenye siafu ndani ya nguo. Anakula ugali macho yameelekea mlangoni. Mvua ikinyesha, wenzake wanajikunyata jikoni, yeye yuko nje analowa, amechuchumaa, jicho moja kalifumba, anaangalia maji yanaelekea wapi. "Amne," ananiita, "njoo uone, uwanja wako huu umeinama upande wa ghala." Uwanja wangu! Mimi nina mtoto mgongoni na chungu kinafurika, ati niache niende nikatazame uwanja umeinama wapi.

Watu wa Misima walisema karogwa. Hakurogwa hata kidogo, alisomeshwa, tena akakatishwa masomo siku ya mwisho kabisa. Aliyemkatisha ni mama yangu mzazi, na sababu ni mimi. Sasa kaeni vizuri niwaeleze, na msinikate kauli.

Ilikuwa enzi za Wadachi. Reli ilikuwa imekwisha pita Korogwe na Mombo, inaendelea kupanda kuelekea Moshi. Pale Korogwe, nyuma ya stesheni, kulikuwa na chuo cha mafundi, mabanda mawili ya mabati na uwanja wa kwata. Walichukua vijana waliojua kusoma na kuhesabu, wengi wakawatia useremala na uhunzi. Wachache wenye kichwa chepesi waliwafundisha kupima ardhi, yaani njia ipite wapi, daraja likae wapi, maji yatoke huku yaende kule. Athuman alitoka kwao Sindeni na jembe begani, akaingia katika hao wachache.

Mwalimu wao alikuwa Mdachi mmoja mwenye jina refu lenye miiba, hakuna aliyeliweza. Wanafunzi walimwita Bwana Timazi, kwa sababu hakutoka bila ile kamba ya mafundi yenye risasi nchani, ya kupimia ukuta kama umesimama wima. Asubuhi kwenye kwata alikuwa akiishusha mbele ya pua ya mwanafunzi aone kama amesimama sawa. Ukiinama kidogo, unazunguka uwanja mbio. Ukifanya kosa kubwa, hamsa ishirini, nanyi mnajua kiboko cha Mdachi hakikuwa na mzaha. Lakini Athuman alimpenda mtu yule. Alisema ndiye binadamu wa kwanza kumwona aliyekasirika na kitu kilichopinda kuliko yeye.

Rafiki yake wa chuoni alikuwa Simeo, Msambaa wa Mlalo, mtoto wa misheni, mdomo wake haufungi. Walilala kitanda kwa kitanda. Simeo alinisimulia kwamba Athuman alikuwa hatulii hata usingizini, anachora mistari ukutani kwa kidole. Ikifika siku ya mapumziko, wenzake wanakwenda mtoni kufua na kucheza, yeye anatembea juu ya mataruma ya reli, anahesabu moyoni, anarudi jasho linamtoka, anauliza, "Kesho bado?" Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na jina. Jina lenyewe ndilo hili langu.

Alikuwa amekwisha nipeleka posa. Baba yangu, Mzee Hiza, hakuikataa wala hakuikubali. Ndugu yake baba alipelekwa Mazinde kwenye mkonge na kipande, kadi ya kuhesabia siku za kazi, mkononi, akarudi anakohoa, viganja vimeraruka, hakudumu. Basi baba akasema mbele ya washenga: "Binti yangu simpi mtu wa mkonge. Huyu kijana akimaliza chuo akapewa kazi ya kupima, aje na mkaja, ile kaniki ya mama wa binti, tutasema ndiyo. Akishindwa, asipite hapa hata kuomba maji." Na kule chuoni aliyeshindwa hakurudishwa kwao kulima. Alipewa kipande akapelekwa shambani, na shamba lililokuwa karibu ni Mazinde. Mmeona? Akifaulu anipate mimi, akishindwa aende kule kule kulikomuua baba mdogo.

Sasa, ninyi watoto wa siku hizi mnakaa na wakwe zenu meza moja mnavuta nyama. Sisi haikuwa hivyo. Mkwe wako wa kike, yaani mama wa mchumba wako, ni mtu wa kuogopwa. Ukikutana naye njiani unaingia majanini mpaka apite. Humtazami usoni, hutaji jina lake, huongei naye ana kwa ana. Akiwa na la kukuambia, analisema kwa kuku, au kwa kinu, wewe unasikia. Ndiyo heshima yenyewe. Na mama yangu mimi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mkali wa heshima kuliko wote.

Tena muelewe na kioo chao cha kupimia. Chombo cha kupimia kilikuwa darubini juu ya miguu mitatu. Unaisawazisha mpaka itulie sawa na uso wa maji, unachungulia, unasoma namba kwenye ubao mrefu alioushika mwenzako kule mbali. Darubini zile zilikuwa na tabia moja, kila kitu ndani yake kinaonekana kichwa chini. Hata namba za ubao ziliandikwa kichwa chini makusudi, ili kwenye kioo zisimame. Siku ya kwanza Simeo alidhani mchoraji alikuwa mlevi. Baadaye walizoea, wakawa hawashangai kuona mti unaning'inia na mbuzi anatembea angani.

Mwaka wa mwisho ukaja mtihani. Wadachi walitaka kutengeneza njia ya Handeni, wajenge na daraja kwenye kijito kinachopita chini ya kijiji chetu. Bwana Timazi akawaleta wanafunzi wake wapime kweli kweli, si michezo ya uwanjani. Kila mmoja alipewa kipande chake cha njia. Athuman akaangukiwa na kijito cha Misima, chini ya shamba letu kabisa. Alipojua alimwambia Simeo, "Heri ningepewa mlima."

Walifika asubuhi, wakapiga hema. Mimi mchumba sikutakiwa kuonekana, basi nikajibanza nyuma ya ua wa jikoni, nikatoboa tundu kwenye mabua. Nilimwona Athuman amesimama upande wetu wa kijito na darubini yake, Simeo ng'ambo na ubao. Wanawake wa kijiji nao, ala, nani abaki nyumbani siku Mdachi amekuja na mdude wa miguu mitatu? Wakavuka kijito wakamzunguka Simeo. Na aliyekuwa mbele yao wote, amesimama bega kwa bega na ubao, ni mama yangu.

Athuman akainama, akachungulia. Nikamwona anaruka nyuma kama aliyeumwa na nyuki. Alikuwa amemwona mkwe wake, uso mzima mzima, tena kichwa chini miguu juu!

Afanye nini? Kumwambia mama asogee hawezi, haongei naye. Kumwambia Mdachi hawezi, ataanzia wapi? Bwana Timazi amesimama nyuma yake, anamngoja ataje namba. Basi akainama tena, akafumba jicho, akabuni namba, akaitaja kwa sauti kubwa.

Kupima kule, alinieleza baadaye, ni lazima uende urudi, na ukirudi hesabu yako ifike pale pale ilipoanzia. Ya Athuman haikufika. Bwana Timazi akaitazama hesabu, akamtazama na yeye, akasema kwa Kiswahili chake, "Wewe leo iko mgonjwa? Kesho asubuhi pima tena. Mara moja tu. Glasi yangu, mkono yako tu. Mkono ingine shika, kwisha." Mwanafunzi mwingine asingepewa nafasi hiyo, lakini Athuman alikuwa kipenzi chake.

Jioni Athuman akamfungulia Simeo moyo wake. Simeo alicheka mpaka akaanguka juu ya mizigo. Kisha akasema, "Niachie mimi," akashuka kisimani, wanawake wanateka maji, akawaomba kwa adabu, "Mama zangu, shikamooni. Kesho msisogee karibu na ubao, tafadhali." Wakamuuliza kwa nini. Mtu mwenye akili angesema Mzungu kakataza, akaenda zake. Simeo akawaambia ukweli. Ati ile darubini inapindua watu, na leo imempindua Mama Amne mbele ya mkwe wake.

Mwee! Kisima kilichafuka. "Miguu juu?" "Miguu juu!" "Na nguo je? Nguo nazo zilikwenda wapi?" Maana ukimpindua mtu, kaniki inabaki wapi kama si usoni? Simeo akaapa kwa misalaba yote kwamba nguo hazishuki, zinabaki mahali pake. Nani amsikie? Habari ilifika nyumbani kabla ya mama mwenyewe. Alipoingia aliweka mtungi chini polepole, na mama akiweka kitu polepole, sote tulitafuta pa kwenda. Baba alitaka kusema neno, akatazamwa, akatoka.

Asubuhi wanawake walikuja wote. Mngewaona! Kila mmoja kajifunga kaniki kwa kamba kiunoni, mwingine kaipitisha katikati ya miguu, mwingine kashika pindo kwa mikono miwili, amekakamaa, kioo kisije kikamwangusha nguo. Athuman hakuwatazama. Alikwisha anza kazi mapema, darubini imetulia sawasawa, namba nzuri anazipata moja moja, uso wake umenyooka. Bwana Timazi aliporidhika akapanda nyuma ya kilima kumkagua mwanafunzi mwingine.

Ndipo mama akaja, anamvuta mbuzi. Akasimama karibu na Athuman, ubavu kamgeuzia, akaanza kusema na mbuzi.

"Wee mbuzi! Mwambie huyo kijana aliyeinama hapo, jana alinitazama miguu juu mbele ya kijiji kizima. Simlaumu, macho hayana pazia. Lakini nitapitaje mimi Misima? Yeye ananijua nilivyo kichwa chini, mimi simjui. Mwambie aende ng'ambo, ashike ule ubao, nami nimtazame. Tukilingana, aibu imekwisha. Asipotaka, mkaja wake asiulete, na Amne atamsikia kwa watu tu."

Athuman naye akamjibu mbuzi. "Mbuzi, mwambie mama, Bwana amekataza mkono wa mtu mwingine usiguse."

"Mwambie mkono nauacha huku huku nyuma. Nataka jicho."

Wanawake wakapiga kigelegele. Athuman hakucheka. Alitazama kilimani alikokwenda mwalimu wake, akaitazama darubini, akageuka akatazama ua wetu, kama vile alijua tundu langu liko wapi. Niseme kweli? Nilitaka aende. Nilijua mama hatanii, nami sikumtaka mwanamume mwingine. Hizo habari za glasi ya Mdachi wakati ule niliona upuuzi mtupu. Nikasema kimoyomoyo, nenda, nenda, nenda.

Akaenda. Alivua kofia ya chuo, akavuka kijito, akachukua ubao kwa Simeo, akasimama wima, macho kayafumba.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame!" mmoja akapiga kelele, na mama akainama, mikono mgongoni kama alivyoahidi. Akachungulia. Akachungulia sana. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka, jamani. Mama yangu, aliyekuwa hachekeshwi na ngoma wala harusi, alicheka mpaka machozi, akapepesuka, akatafuta pa kujishikia, na alichokishika ni mguu wa darubini.

Ikainama, ikagongwa na jiwe. Namba zote za asubuhi zikawa si kitu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Athuman akavuka mbio, Simeo nyuma yake analowa, anamwambia, "Isawazishe upesi! Bwana hajaona. Zile namba zilizobaki buni tu, unajua kubuni."

"Nilibuni jana," Athuman akasema, "sikupata usingizi. Hapa patakuwa na daraja, Simeo. Watapita watu."

Bwana Timazi aliporudi aliona darubini yake imekaa upande, wanawake wamefungwa kama mizigo ya wapagazi, mama anafuta machozi, na mbuzi anakula majani. Akauliza, "Nani shika?"

"Mkwe wangu, Bwana. Nilimruhusu mimi."

Mdachi yule aliisawazisha darubini yake kwanza, polepole. Sidhani alitaka kumfukuza, mtu ukimwona unamjua. Lakini neno lake alikwisha lisema, tena mbele ya wanafunzi, naye alikuwa mtu wa timazi. Akasema, "Wewe kichwa mzuri sana, Athuman. Basi. Kwisha." Akachukua ile kofia kutoka mkononi mwake. Athuman alilia pale pale, mbele za wanawake, mtu mzima. Nilimwona. Kile nilichokiita upuuzi kilinikaa kooni siku ile, na mpaka leo hakijashuka.

Kesho yake alipewa kipande, akapelekwa Mazinde. Baba akasema habari imekwisha, neno ni neno. Mama akamjibu, "Neno lako ni la mkonge. Langu ni la mkaja, na mkaja ni wangu. Yule ni mkwe wangu. Nimemwona mpaka kichwa chini, hakuna nisichokijua." Tukamngoja amalize mkataba wake. Alirudi amekonda, vidole vimejaa makovu ya miiba, kaniki ya mama imekunjwa kwapani. Akanioa.

Daraja lilipimwa na Simeo. Alipata kazi, akapata viatu, akawa anapita kwetu kila akienda Handeni, na Athuman anamkamata kama polisi: mmefika wapi, mteremko gani, nguzo mmezisimika vipi? Simeo akiondoka, mume wangu anashuka kijitoni, anachuchumaa mbele ya daraja mpaka giza. Nyumbani alikata mianzi akaitia maji ndani, apime kwayo. Alipima shimo la choo, tuta la viazi, hata kitanda cha uzazi nikiwa nimekilalia. Nilimtukana, akaomba radhi, akatia kipande cha ubao chini ya mguu wa kitanda. Watu wakamwita kulinda mashamba yao na mafuriko, na kazi zake zilikuwa nzuri. Lakini akimaliza, hafurahi. Anauliza, "Hakuna kingine?"

Aliyemtuliza kidogo ni mama tu. Misima nzima ni wao wawili walioweza kula sahani moja, mkwe na mkwe, wakakumbushana mambo ya kioo, wakacheka. Watu waliona haya kwa niaba yao.

Kisha mama akaugua ugonjwa wake wa mwisho. Siku moja nilikuwa naleta uji, nikasikia anamwita, sauti ni ya mtu aliyechoka. "Mkwe wangu, nikuulize. Unaijutia ile asubuhi?"

Nikasimama mlangoni. Mwanamume yeyote mwenye adabu, mbele ya mgonjwa, na mkewe yuko karibu, anajua la kujibu. Athuman akasema, "Najuta, mama. Kila siku."

Uji ulimwagika kidoleni, sikuusikia moto wake.

Mama akacheka kidogo. "Vizuri," akasema. "Ungesema hapana, ningekufa nikijua nimempa binti yangu mwongo."

Niliweka bakuli, nikatoka. Nilikasirika, msiniulize kiasi gani. Kila siku! Siku za harusi yetu, siku za watoto wetu kuzaliwa, zote zimo. Sikusema naye neno la maana mpaka mama akatutoka, tukamzika, watu wakatawanyika.

Jioni ile mvua ilikuwa imekwisha. Nimekaa mkekani peke yangu, uso umenivimba. Athuman akaja akakaa karibu nami. Si ukingoni, alikaa chini hasa, miguu kainyoosha, macho hayaendi mlangoni. Hasira yangu ilikuwa bado mbichi, nikataka kumchoma. "Enhe, fundi," nikamwambia, "na uwanja wangu je? Umeinama bado?"

Maji ya mvua yalikuwa yanapita mbele yetu, yote yanakimbilia ghalani, mtoto mdogo angeyaona.

Aliyatazama. Akanitazama mimi.

"Haujainama, Amne," akasema. "Uko sawa kabisa."